Karavani ya Wanawake

Mlinzi ndiye aliyemkuta. Alikuwa akizunguka kambini asubuhi, mvua imenyesha tangu jana yake, akaona miguu ya mtu imetokeza chini ya karavani ya kaka yangu Tafara. Akapiga ukelele. Tukatoka na shuka mabegani, kila mtu akijua kuna maiti. Kumbe ni wifi yangu Wubalem, amejikunyata juu ya magunia, blanketi limelowa upande mmoja, na ule ukelele wote haukumwamsha mara moja. Alikuwa amechoka kiasi hicho.

Karavani zetu zilikuwa nyumba nyeupe za bati, zimepangwa mistari kwa mistari juu ya kilima, chini mashamba ya machungwa na barabara ya kwenda Akko. Kila moja imekalishwa juu ya matofali, kwa hiyo chini yake kuna uwazi ambao mtoto anaweza kuketi na mtu mzima anaweza kulala tu. Tulikuwa tunaingia mwaka wa pili pale tangu ndege zituzoe, sisi Wayahudi wa kule, kutoka Addis Ababa na kutuleta Israeli. Walituambia ni kwa muda.

Haukupita muda akaja Shaul, mkuu wa kambi, na mama wa ustawi wa jamii, anaitwa Nurit, amevaa buti za mvua. Wakamkalisha Tafara kwenye kiti nje kama mtuhumiwa. Kaka yangu ni mtu mpole. Kule kwetu Dembia alikuwa mhunzi, watu wakitoka mbali kumletea majembe. Hapa hakuwa na moto wala nyundo, alikuwa na kiti hicho tu, na siku nyingi alikikalia hata bila kulazimishwa.

Mkalimani alikuwa amempeleka mtu hospitali. Basi wakamshusha Enatnesh, binti wa kwanza wa Tafara, kutoka kwenye basi la shule lililokuwa limesimama getini. Wenzake wote wametoa vichwa madirishani.

"Muulize mama yako, Einat," Nurit akasema. Shuleni walimwita Einat, jina lake lilikuwa refu kwao. "Muulize kama baba amempiga."

Enatnesh akaangalia viatu vyake. "Mama, wanauliza baba amekupiga?"

"Tafara? Anipige kwa lipi? Na nguvu hizo azitoe wapi?" Wubalem akavuta blanketi mabegani. "Waambie niko mwezini. Mwanamke aliye mwezini halali ndani na watu. Kibanda hakuna, nimelala palipopatikana. Waambie waniache nilale, zamu yangu ni mchana."

Shaul yupo, mlinzi yupo, dereva wa basi ameshuka kusikiliza.

"Amesemaje?"

"Anasema anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

Kiebrania changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini tumbo nililijua. Nikafumba mdomo. Mambo yale ningeyaanzia wapi mbele ya wanaume wale?

Wakaleta gari la wagonjwa. Wubalem akawa anamwangalia bintiye, bintiye anaangalia matope, na wale watu wawili wenye fulana nyeupe wanamshika mikono kwa upole wakimpandisha. Alirudi jioni na mfuko wa vidonge. Hakuingia kwake wala kwangu, alikaa kwenye ngazi yangu ya nje.

"Wifi," akaniambia, "amenipima kijana mdogo, sawa na mdogo wangu wa mwisho. Kanibonyeza tumbo, kaniwekea kile kitu baridi kifuani. Tangu nivunje ungo sijawahi kuguswa na mwanamume katika siku hizi. Sasa nianze kuhesabu upya au niendelee?"

"Sijui," nikamwambia. "Kuhani wetu wamempeleka Ashdodi."

"Ashdodi ni mbali?"

"Mbali."

Akaegemea ukuta wa bati, akafumba macho. Nikamletea chai, nikaiweka chini, akaiokota baada ya mimi kuondoa mkono. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu.

Kule nyumbani kila kijiji chetu kilikuwa na kibanda chake pembeni, kimezungushiwa mawe. Mwanamke akiingia mwezini anavuka mawe yale, anakaa siku saba. Chakula anawekewa kwenye mawe, anakichukua mwenyewe. Hapiki, hafui, hachoti maji, hambebi mtoto wa mtu. Siku ya saba anakwenda mtoni, anafua nguo zake, anazama majini, na jua likizama anarudi kwake. Imeandikwa katika Torati, na mama zetu hawakujua kusoma hata herufi moja ya Torati hiyo, lakini hawakuruka siku hata moja.

Mtu wa nje akisikia hivi anaona ni mateso. Mimi nilishaachana na mambo ya mwezi zamani, kwa hiyo naweza kusema bila kujitetea: mama yangu sikuwahi kumwona ameketi mchana ila mle ndani. Mle alikuwa analala. Mle alikuwa anacheka na wenzake mpaka anajishika mbavu. Na mle ndimo tulimofundishwa. Kusokota pamba, kufinyanga, dua za kufunga na za kufungua, na kubwa kuliko yote, ukoo. Kwetu mtu haoi ndugu yake mpaka vizazi saba, na daftari la vizazi hivyo lilikuwa vichwa vya wanawake. Wanaume walijua baba zao. Wanawake walijua kila mtu.

Sasa Wubalem alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia karoti, amesimama kutwa kwenye maji baridi. Akirudi anapika, anafua, anawaogesha wadogo, anamsikiliza Tafara akimsimulia majembe. Alhamisi anakanda mkate wa Sabato, kwa sababu Ijumaa kazini wanachelewa kuwaachia. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechanika kwa maji yale, unga unamwingia mle anauma meno. Alikuwa haketi tena mahali popote. Alipolala chini ya karavani, nadhani nusu ilikuwa dini na nusu ilikuwa usingizi.

Mwezi uliofuata haujafika, wanawake wa mstari wetu tukakusanyika kwangu kunywa kahawa. Alikuwepo bibi Tewabech, mzee kuliko sisi wote, ulimi kama pilipili.

"Kule kulikuwa na mawe," akasema Tewabech. "Unajua nani yuko ndani, nani yuko nje. Hapa mtu anashika damu na sahani kwa mkono mmoja, halafu anakukaribisha chakula. Mimi siku hizi nikialikwa nasema nimeshiba."

"Ndiyo maana umekonda," mwenzake mmoja akamtania.

"Nimekonda kwa kuwaonea huruma waume zenu."

Tukacheka. Wubalem hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe.

"Ile karavani ya mwisho, kwenye uzio," akasema. "Iliyokatika umeme. Ina mtu?"

Haikuwa na mtu. Ilikuwa na magodoro yaliyooza na kuku wa mlinzi.

"Tumwombe Shaul."

"Nani amwombe?" nikauliza. "Utamwambia mwanamume ni ya nini?"

Akamgeukia Enatnesh, ambaye alikuwa anafanya hesabu zake mlangoni. "Mwanangu, utatusemea."

"Sisemi," Enatnesh akajibu bila kuinua kichwa.

"Husemi nini?"

"Hayo. Mama, tangu siku ile ya gari la wagonjwa wananiita binti wa chini ya nyumba. Nikienda kumwambia Shaul habari za damu, shule nzima itajua kesho. Shangazi, mwambie."

Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia jiko la kahawa.

"Basi nitasema mwenyewe," Wubalem akasema.

Tulikwenda watatu ofisini, yeye, mimi na bibi Tewabech. Shaul alikuwa anakula yai la kuchemsha. Wubalem akasimama mbele ya meza, viatu vina matope ya kiwandani, akayatoa maneno yake yote ya Kiebrania mojamoja kama mtu anayetoa mawe mfukoni.

"Nyumba. Wanawake. Damu. Siku saba." Akaonyesha upande wa uzio. "Ile."

Shaul akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaweka yai chini. Akamwita Nurit, na safari hii mkalimani alikuwepo, mwanamume, naye hakujua pa kuangalia.

Nurit alisema kwa uzuri tu, sitamsingizia. Alisema hapa ni nchi nyingine. Alisema mwanamke si uchafu, asijifiche nje kama mbuzi mwenye ugonjwa. Kisha akasema hata rabi wa mji anasema sheria yao ni kukaa nyumbani, kujitenga na mume kitandani, kisha kwenda kuzama kwenye bwawa la kuogea la wanawake. Inatosha. Hakuna haja ya kibanda.

Wubalem alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nimemsikia," akamwambia mkalimani. "Mwambie sikuja kubishana. Miguu inaniuma. Nikikaa nyumbani nitapika, nikipika nitamlisha mume wangu na wanangu unajisi wangu. Nisipopika watalala na njaa. Sasa anichagulie."

Nurit akafungua mdomo, akaufunga. Tewabech akaninong'oneza kwamba amefanana na samaki.

Shaul alikuwa amegeukia dirisha. Baadaye akasema kitu kwa sauti ya chini, mkalimani akatutafsiria: karavani ile haina umeme, haikaliki, yeye hawezi kumpa mtu. Lakini pia hana muda wa kuzungukia uzio kila siku. Na kuku wa mlinzi waondolewe.

Wubalem alihamisha mawe ya kuizungushia ile karavani peke yake kwa siku kadhaa, akishuka kutoka kazini anapitia bondeni, anabeba mawili mawili kwenye kanga ya mgongoni kama mtoto. Nilimwambia yatosha, akasema bado kuna pengo. Tukasafisha mle ndani, tukatandika magodoro mapya tuliyochangia. Kuku walirudi kila siku kwa juma zima, mmoja akataga kwenye blanketi la Tewabech, na kwa kuwa Tewabech hakuwa na sababu ya kuwa mle ndani isipokuwa umbeya, tulimcheka sana.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa mizuri. Jioni nikiwapelekea chakula nawasikia toka mbali. Walikuwa wametoka vijiji mbalimbali, wengine hawakujuana, wakawa wanahesabiana babu na bibi mpaka wanapata pa kukutania. Nilikuwa naweka sufuria juu ya mawe, narudi nyuma, mmoja anatoka. Akitoka Wubalem nilikuwa nashangaa uso wake. Ulikuwa na mikunjo ya mto wa kulalia.

Kiwandani aliwaambia anaumwa. Msimamizi akamwambia mwanamke gani anaumwa kila mwezi siku saba. Wakamkata siku, kisha wakamtisha, ikabidi awe anatoka kibandani anakwenda kwenye karoti na kurudi kibandani, hapiti nyumbani. Ile mikunjo ya mto ikapotea.

Na wenzake wakaanza kupungua. Hakuna aliyetangaza. Mmoja alipata kazi ya kulea wazee mjini, anarudi usiku. Mmoja mumewe alimwambia watoto wanalia, rudi, tumeshakuwa Waisraeli sasa. Wawili wakapewa nyumba Haifa. Mwingine nilimkuta anafua, nikamtazama, akasema, "Dada Fanta, usinitazame hivyo, vidonge vya zahanati vimenichanganya hesabu," na mimi nikajua, naye akajua nimejua. Ilipofika majira ya joto nilikuwa napeleka sufuria ndogo, ya mtu mmoja.

Siku hizo ambazo Wubalem hayupo, nyumba ilikuwa juu ya Enatnesh. Mimi nilipika nilivyoweza, lakini nina kwangu. Yule mtoto alitoka shule, akawapikia wadogo zake wanne, akamfulia baba yake. Kambi nzima nayo ilimtumia. Mkalimani akikosekana, na alikosekana daima, watu walimgongea: Einat njoo unisomee barua ya umeme, Einat nisindikize zahanati, Einat mwambie mwalimu mwanangu si mjinga. Alikuwa mrefu, amepungua, na akikujibu anajibu kama mtu anayefunga mlango.

Wubalem alikuwa anamsubiri. Hakusema, lakini nilijua. Msichana akivunja ungo kwetu ni jambo la mama. Alikuwa amemwekea shama mpya, ile nguo nyeupe ya pamba, ameifunga kwenye plastiki juu ya kabati. Kila nikimwuliza anasema, "Bado. Mtoto wa huku anachelewa, labda ni chakula."

Ikaja Ijumaa moja. Wubalem alikuwa amerudi kutoka kazini saa za mwisho, ameoga, mishumaa haijawashwa bado, mkate uko mezani umefunikwa. Safari ile alikuwa ameukanda Enatnesh, kwa sababu mama yake mikono ilikuwa imevimba. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, Sabato nilikuwa nakula nao. Mdogo wa mwisho akatoka bafuni ameshika kitu alichokikuta nyuma ya ndoo, kitambaa, anauliza nani amejikata.

Wubalem akakichukua. Akakitazama. Akamtazama Enatnesh, na uso wake ukaanza kufunguka, jamani, sijawahi kuona uso wa mtu aliyechoka ukifunguka vile.

"Mwanangu. Leo?"

Angeweza kusema ndiyo. Nimefikiri mara nyingi, angesema tu ndiyo, leo. Lakini naye alikuwa amesimama tangu asubuhi.

"Si leo," akasema. "Tangu mvua. Tangu kabla ya Pasaka."

"Pasaka?"

"Ndiyo, Pasaka! Nimepika Pasaka yote nikiwa hivyo. Nimekanda huo mkate nikiwa hivyo, na wa mwezi uliopita. Nimewalisha wote. Mmekufa? Baba, umekufa? Shangazi, umekufa wewe?" Sauti ikampanda. "Nilale kwenye bati na panya, nani atapika? Wewe uko huko unalala, mimi niko hapa. Mimi nikiingia huko, nani atabaki? Niambie, nani?"

Tafara alikuwa amesimama na kofia yake mkononi. Nje, jua lilikuwa limeshafika kwenye miti ya machungwa. Hapakuwa na muda wa kukanda mkate mwingine, na moto ukishazimwa Sabato hauwashwi.

Wubalem akakaa kitini. Akaufunua mkate, akauangalia. Ulikuwa umeumuka vizuri, juu umepasuka kidogo, mkate mzuri. Wadogo walikuwa wanauangalia pia, wana njaa.

"Tafara," akasema, "bariki. Wape watoto."

"Na wewe?"

"Bariki, jua linakwenda."

Akabariki. Watoto wakala. Mimi nilikula, kipande kidogo, nikakitafuna muda mrefu. Wubalem alikunywa maji. Enatnesh hakugusa chochote. Walikaa mama na binti pande mbili za meza, wote wawili bila kula, hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Hawakusemezana kwa majuma. Yaani walisemezana, "leta chumvi," "funga dirisha," lakini hayo si maneno. Ile shama iliendelea kukaa juu ya kabati. Nilijaribu kumwambia Wubalem amsamehe mtoto.

"Nimsamehe nini?" akaniuliza. "Aliuliza nani atabaki. Unalo jibu, wifi? Mimi nimelala kila siku nalitafuta. Mama yangu alikuwa na mama mkwe, na mashemeji, na jirani kushoto na kulia. Akiingia kibandani, kijiji kizima kinamshikia nyumba. Mimi nina mtoto mmoja wa shule." Akafuta macho kwa kiganja. "Sikuliona hilo. Niliona mawe tu."

Mwezi uliofuata alikwenda tena. Nilidhani hataenda, akaenda. Nadhani hakujua kufanya vingine. Safari hii aliwapikia kwanza, sufuria kubwa mbili za dengu, akaziweka kwenye friji, akamwambia Tafara mbele ya watu wote, "Wewe ulikuwa unayeyusha chuma, kupasha dengu hutashindwa." Na kaka yangu, maskini, akapasha. Akaunguza ya kwanza. Ya pili ikalika.

Siku ya tatu, jua kali, nilikuwa nimepeleka chakula nikakaa kidogo upande wangu wa mawe kuzungumza na Wubalem. Tukamwona Enatnesh anakuja kwa njia ya uzioni na begi la shule. Nilidhani kuna mgonjwa. Akafika, akasimama kwenye mawe.

"Kuna nini?" mama yake akauliza akiwa mlangoni.

"Hakuna."

"Wadogo zako?"

"Baba anawapashia." Akashusha begi. "Leo nimetafsiri zahanati tangu asubuhi, sikwenda hata darasani. Daktari kanifanya nimwambie mama Almaz kwamba mtoto wake tumboni amekufa. Mimi nimwambie. Nimemwambia. Kanishika hapa." Akaonyesha mkono, palikuwa na alama za kucha. "Mama, nimechoka. Nataka kulala."

Wubalem akashika mlango.

"Uko mwezini?"

"Ndiyo. Tangu jana. Lakini si kwa sababu hiyo. Usije ukafikiri ni kwa sababu hiyo."

"Sifikiri kitu," Wubalem akasema. "Vuka."

Akavuka. Mle ndani kulikuwa na joto la bati, madirisha yote yamefunguliwa. Kutoka nilipokaa niliwaona. Hakumpa mafundisho. Hakuileta ile shama. Alimvua viatu, akamwambia ageukie ukutani, akalala nyuma yake. Baadaye nikamsikia anaanza, kwa sauti ya kusinzia, majina. Enatnesh binti Wubalem. Wubalem binti Mamite. Mamite binti Taitu wa kilimani, aliyeolewa na mfinyanzi. Taitu binti...

"Taitu ndiye yule aliyekataa kubatizwa?" Enatnesh akauliza ukutani.

"Huyo ni mama yake. Usinikatize, nitapotea."

Lakini alipotea hata bila kukatizwa. Sauti ikakatika katikati ya jina. Nilingoja, nikidhani anatafuta jina lifuatalo. Wote wawili walikuwa wamelala, midomo wazi. Nikafunika chakula kwa sahani ili nzi wasiingie, nikaondoka.

Alikaa na mama yake siku zilizobaki, kutoka hapo kwenda shule na kurudi hapo. Mwezi uliofuata hakwenda, alikuwa na mtihani. Mwezi wa tatu alikwenda siku mbili. Sikuwahi kuelewa hesabu yake, na mama yake hakuiuliza.

Kambi ilifungwa mwaka ule ule, baada ya sikukuu. Yakaja magari yenye kreni, yakainua zile karavani moja moja. Ile ya uzioni ilikuwa ya mwisho, sakafu yake ikavunjika ikiwa juu. Sisi tulipelekwa Afula, ghorofa ya nne, mimi mlango mmoja na wao mlango wa pili. Hakuna pembeni kwenye ghorofa ya nne. Wubalem akatandika godoro kwenye roshani ya kuanikia nguo, akawa analala hapo siku zake, majirani wa ghorofa ya tano wakimdondoshea vibanio. Alifanya hivyo miaka mitano, sita, mpaka damu yake ilipokatika yenyewe. Siku aliyoniambia imekatika, alisema tu, "Basi, wifi, na hilo limekwisha," akaendelea kumenya vitunguu. Sikujua kama nimpe pole au hongera.

Enatnesh sasa ni muuguzi. Bado anatafsiri, ila siku hizi wanamlipa. Anakaa chumba cha kupanga karibu na hospitali, na Alhamisi akiwa hana zamu anakuja kumkandia mama yake mkate, kwa maana mikono ya Wubalem imeharibika kabisa, vidole havikunjiki asubuhi. Mkono wa yule binti kwenye unga ni mzuri kuliko wetu sote.

Alhamisi iliyopita alikuja, akaweka mkoba, akasimama mlangoni mwa jikoni. Wubalem alikuwa ameshatoa unga na beseni.

"Leo sikandi, mama," akasema.

Wubalem akamwangalia.

"Hukandi?"

"Leo hapana. Siku saba zikipita."

Enatnesh akaenda kulala sebuleni na viatu vyake, alikuwa ametoka zamu. Wubalem akakunja mikono ya gauni, akamimina maji, akaingiza vidole vyake vile kwenye unga. Nilimwona anauma meno. Nikamwambia asogee, nikanawa, tukakanda wawili, bega kwa bega, polepole, tukipumzika kila mara.